Wauzaji Kumi, Bei Moja

Mamangu akienda kununua mahindi sokoni, anauliza bei ya gorogoro kwa muuzaji wa kwanza. Anaenda kwa wa pili, bei ni ile ile. Wa tano pia. Anarudi nyumbani akisema, "Hawa wamekula kiapo." Mimi nilikuwa nacheka tu.

Wasee, niliacha kampasi mwaka wa pili, nikisomea uchumi. Mifano darasani ilikuwa ya magari ya Marekani, nikaona hii haiwezi ninunulia unga. Juzi nimepatana na utafiti wa Lauren Falcao Bergquist na Michael Dinerstein, uliotoka 2020, na ulifanywa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Kwa masoko ya mahindi!

Njia yao inaitwa ekonometria ya kimuundo. Jina linatisha lakini wazo ni simpo. Bei unaiona, makubaliano ya siri huyaoni. Kwa hivyo unaandika kwa hesabu vile wauzaji wangepanga bei wakishindana kweli, na vile wangepanga wakiwa wameshikana. Halafu unaangalia bei za soko zinafanana na gani.

Waliwapunguzia wauzaji gharama. Kwa kila shilingi iliyopungua, mnunuzi alionja kama senti 22 pekee. Wakalipa wauzaji wapya waingie sokoni, bei ikakaa pale pale. Jibu la hesabu: wauzaji wanafanya kama duka moja, na yule wa katikati kabisa anaweka asilimia 39 juu ya gharama.

Kabla muanze kuwatusi wauzaji, skizeni. Wengi walioahidiwa pesa ili waingie masoko mapya hawakuenda, kumaanisha kuingia soko geni ni ghali sana. Na hii hesabu haimhukumu kila mtu. Mwaka wa 2001, Aviv Nevo aliipimia kampuni za siriali Marekani, ambazo wengi walishuku zimeshikana. Akapata faida yao kubwa inatokana na watu kupenda chapa tofauti, si njama.

Sasa maoni yangu. Tumezoea kuambiwa "ongeza ushindani, bei itashuka." Si lazima. Mkisikia wafanyabiashara wamepunguziwa ushuru ama gharama ya usafiri, msipige makofi bado. Ulizeni: kwa kila shilingi, ngapi inafika kwa gorogoro? Mtu akikosa jibu, hiyo si afueni ya mwananchi, ni zawadi ya mtu wa katikati.

Mimi sirudi kampasi, hilo nimeamua. Lakini nimeacha kusema uchumi ni wa wazungu. Mamangu hajawahi kukanyaga darasa la chuo, na swali lake ndilo liliwatoa maprofesa Marekani hadi kwa gunia la mahindi.

Kwenu je? Ni wauzaji wangapi wanakutajia bei ile ile?