CHUO CHA FIZIKIA KICHAGULIWE KWA MAABARA, SI KWA JINA

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za wafanyakazi na wakulima huingiwa na furaha, na baada ya furaha hufuata shauri zito. Kijana amefaulu Fizikia, Kemia na Hisabati, naye ataka shahada ya fizikia. Je, aende chuo gani? Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi yao moja kwa moja vyuoni, kwa hiyo uamuzi u mikononi mwa kijana mwenyewe na wazazi wake. Uhuru huo ni jambo jema. Lakini uhuru wa kuchagua haumfai mtu asiyejua achaguacho.

Twasema hivi kwa sababu twawaona wengi wakichagua kwa mambo yasiyohusu fizikia hata kidogo. Huyu hufuata jina kubwa, yule hufuata mji, na wa tatu huvutwa na picha za majengo mapya. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kuwa kila chuo kinachojitangaza ni kibaya. Twasema tu kuwa tangazo halimfundishi mtu kupima umeme wala nuru.

Fizikia ni elimu ya kuuliza na kupima, na nchi yetu yenyewe inao ushahidi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka maziwa yake katika friza yangali ya moto, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dr Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyefika shuleni kutoa mhadhara. Wanafunzi wenziwe walicheka. Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao waliandika habari yake pamoja katika jarida la kisayansi, na mpaka leo wataalamu wa dunia huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wangali wakibishana juu ya sababu yake, na wengine wana shaka kama hutokea kweli. Lakini ubishi huo nao hukatwa kwa kupima.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha sayansi kilifunguliwa mwaka 1965. Kilikuwa chuo kichanga, hakijajenga jina duniani. Hata hivyo kilikuwa na vyombo vya kupimia, na mwalimu ambaye hakulidharau swali la mtoto wa shule. Mambo hayo mawili ndiyo mzazi ayatafute leo, kiwe chuo cha Dar es Salaam, cha Dodoma au cha Mbeya.

Basi kabla kijana hajatia sahihi, na aulize. Kwanza, katika maabara, wanafunzi wangapi hushika chombo kimoja? Mahali ambapo ishirini husimama kumtazama mmoja akipima, kumi na tisa hutoka na daftari lililonakiliwa. Pili, je, yupo fundi wa maabara, na chombo kikiharibika hutengenezwa baada ya siku ngapi? Tatu, wahadhiri wenyewe wanafanya utafiti, na je, mwanafunzi wa mwaka wa tatu hupewa kazi yake mwenyewe ya kuchunguza? Nne, hisabati na kompyuta hufundishwa kwa uzito gani? Maana mtu dhaifu wa hisabati hukwama mapema, nayo fizikia haipitwi kwa kukariri. Tano, wahitimu wa miaka iliyopita wako wapi?

Swali hilo la tano lina uzito kwa taifa zima. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, mtaalamu wa fizikia ya tiba ndiye ahakikishaye kuwa mionzi impatayo mgonjwa ni ya kipimo sahihi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, nayo yahitaji watu wanaoelewa yatendekayo ndani yake. Tume ya Nguvu za Atomu, watabiri wa hali ya hewa, na zaidi ya wote shule zetu za sekondari za kata, wote wanawangoja vijana hawa. Ni haki kijana aambiwe mapema kuwa anayetaka kazi ya hospitali atasoma tena baada ya shahada ya kwanza, na anayetaka kufundisha atafute shahada yenye elimu ya ualimu ndani yake.

Wapo watakaotujibu kuwa waajiri hutazama jina la chuo. Hatukatai kwamba jina hufungua mlango wa kwanza. Lakini aliyeingia kwa jina naye hajui kusoma mita, mlango ule ule humtoa. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni. Litakatwa katika mshahara wake, awe amejifunza au hakujifunza. Baba wa bandarini na mama wa sokoni hawawezi kulipia jina tupu.

Hata hivyo mzigo huu wote si haki kumtwika mzazi peke yake. Mwongozo utolewao kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu hutaja sifa za kuingilia, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Hayo yafaa, lakini hayamwonyeshi mtu maabara. Twashauri kila chuo kifundishacho fizikia kitangaze hadharani idadi ya wanafunzi kwa kila chombo, idadi ya wahadhiri na mafundi, na kazi walizopata wahitimu wake. Chuo chenye maabara nzuri hakitaona taabu kusema. Chenye upungufu nacho kiseme, ili serikali na wananchi wajue pa kupeleka fedha.

Wanachama na wafanyakazi wenye watoto waliofaulu mwaka huu wasingoje hesabu hizo zitangazwe. Waende chuoni pamoja na kijana, nao waombe kufunguliwa mlango wa maabara.