Sanamu ya Conques na Kicheko cha Msomi



Anayejaliwa kusafiri kutoka kwetu mpaka Ufaransa huwaza kwanza Paris, Lourdes na Lisieux. Ni haki yake. Lakini mwenye siku mbili za ziada, ningemshauri aende kusini, katika milima ya Aveyron, mpaka kijiji kiitwacho Conques. Nyumba zake za mawe zimeshikamana kwenye mteremko, na katikati yake limesimama kanisa la abasia lililojengwa katika karne ya 11 na ya 12. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Le Puy kwenda Santiago de Compostela, nchini Uhispania, hupita hapo hata leo.

Wengi hupiga picha na kuendelea na njia yao. Mimi naona kwamba Mkristu wa Kongo ana sababu yake mwenyewe ya kukaa pale kidogo, na sababu hiyo ni sanamu.

Katika hazina ya kanisa kuna sanamu ya Mtakatifu Foy, msichana ambaye mapokeo yanasema aliuawa kwa ajili ya Kristu katika mji wa Agen alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Jina lake maana yake ni Imani. Sanamu ina kimo cha sentimeta 85 tu: kiini chake ni mti, na juu ya mti kuna mabamba ya dhahabu na mawe ya thamani yaliyotolewa na waamini kizazi baada ya kizazi. Ndani yake yaliwekwa masalia ya shahidi huyo. Hata kichwa chake kina historia: ni kichwa cha sanamu ya Kirumi iliyokuwa ya zamani tayari, kikachukuliwa na kupewa kazi mpya. (Masalia yenyewe yaliibwa Agen katika karne ya 9 na mtawa wa Conques. Watawa wenyewe walilisimulia jambo hilo bila aibu, nami sioni namna ya kulisifu.)

Mnamo mwaka 1013 alifika huko mwalimu mmoja kutoka kaskazini, Bernard wa Angers. Alikuwa amesoma katika shule mashuhuri, na alipoona watu wa milimani wakisujudu mbele ya sanamu kama hizo alimwangalia mwenzake akatabasamu. Alimwuliza kwa dharau, kwa Kilatini, kama miungu ya Warumi wa kale isingefurahi kupata sanamu ya namna hiyo. Kwake yeye, wale walikuwa washamba wanaoabudu vinyago.

Someni tena sentensi hiyo polepole. Maneno ambayo babu zetu waliambiwa walipoletewa Injili, Mfaransa aliwaambia Wafaransa wenzake, Wakristu waliobatizwa, miaka mia nane na zaidi kabla ya misioneri wa kwanza kufika kwenye maziwa yetu. Na leo vijana wetu wanaambiwa vilevile na rafiki zao wa makanisa ya uamsho wanapomkuta mama mzee amepiga magoti mbele ya Bikira Maria. Kicheko ni kilekile. Mchekaji tu ndiye hubadilika.

Bernard alibadili mawazo. Alikaa, akawasikiliza watu, akaandika kitabu cha miujiza ya mtakatifu huyo, na humo anaiungama dharau yake waziwazi. Anaeleza kwamba sanamu ile haiulizwi mambo kama mizimu ya wapagani wala haitolewi sadaka. Ni ukumbusho wa shahidi, ili watu wamwombe Mungu kwa maombezi yake. Tofauti hiyo ni ya lazima. Simwambii mtu kwamba kila kitu kilichochongwa na babu kina haki ya kuingia kanisani. Nasema kwamba Bernard aliuliza kwanza, ndipo akahukumu, na kwetu mara nyingi moto uliwashwa kabla ya swali.

Habari nyingine katika kitabu hicho hunigusa zaidi. Katika mikesha, watu wa vijijini wasiojua Zaburi za Kilatini waliimba nyimbo zao za shambani ndani ya kanisa usiku kucha. Watawa waliona ni kelele, wakawakataza, mwishowe wakaifunga milango. Usiku, anasimulia, milango ikafunguka yenyewe, na asubuhi watawa wakalikuta kanisa limejaa. Wakaacha kukataza. Sisi tulioambiwa kwamba ngoma haifai Misani, na ambao Misa yetu ilikubaliwa na Roma mwaka 1988, hatuhitaji maelezo marefu ya habari hiyo.

Tena tuangalie nani aliiokoa dhahabu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa serikali ilikuwa ikitwaa mali za makanisa ili madini yake yayeyushwe, na hazina nyingi kubwa zilipotea hivyo. Huko Conques, wanakijiji walivichukua vyombo vitakatifu usiku, wakavigawana nyumba kwa nyumba, wakavificha bustanini na katika vibanda walimokaushia njugu za châtaignier, chakula cha maskini wa milima ile. Hatari ilipopita wakavirudisha. Watu hao walikuwa wajukuu wa wale waliochekwa na msomi. Kila mmoja alikuwa na njaa yake, na dhahabu chini ya sakafu yake.

Jengo lenyewe liliendelea kuharibika mpaka mwaka 1837, Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alipolitembelea na kudai litengenezwe. Wapremontre walifika mwaka 1873, na ndio wanaowapokea mahujaji mpaka sasa. Jioni, mmoja wao husimama nje na kuwaeleza watu mawe yaliyochongwa juu ya mlango mkubwa, yenye picha ya Hukumu ya Mwisho. Upande wa motoni wamo mfalme na viongozi wa Kanisa. Upande wa mbinguni, Foy mdogo ameinama mbele ya mkono wa Mungu, na nyuma yake zimetundikwa pingu za wafungwa waliowekwa huru.