Theluji ya milimani na vuli yetu Matondoni

Kila ifikapo mwezi wa kumi na moja, wenye mahoteli ya milima ya Alps huko Ulaya hukaa roho juu wakisubiri utabiri wa theluji. Wageni wao huja kuteleza kwa mbao miguuni, na theluji isipoanguka hakuna mgeni. Basi utabiri kwao ni mali: kwa huo huajiri vijana, huwasha mitambo ya kutengeneza theluji ya bandia, au hufunga milango mapema wapunguze hasara.

Msomaji wa Matondoni atauliza, theluji yatuhusu nini sisi wachonga majahazi na wasuka mikeka? Yatuhusu kuliko tudhaniavyo. Unyevu unaoangusha theluji juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya hutoka kwenye Bahari Hindi hii hii yetu. Bahari ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Sumatra, vuli huzidi. Milima huvaa nyeupe na Mto Tana hufurika. Ikiwa kinyume, ni ukame. Mwaka 2019 joto hilo la bahari peke yake, bila El Niño ya kutajika, lilileta mafuriko. Mwaka 1997 yalikutana yote mawili, na wazee wa leo bado wanausimulia.

Hapa kuna kosa moja la kusahihisha. Wengi huamini kwamba Tana hujaa kwa barafu ya Mlima Kenya inayoyeyuka. La. Barafu ile sasa ni kidogo mno. Ile ya Kilimanjaro yenyewe ilipungua kwa asilimia 85 kati ya 1912 na 2011, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeonya kwamba barafu za Afrika Mashariki huenda zikamalizika miaka ya 2040, Mlima Kenya ukitangulia. Maji ya Tana ni ya mvua na misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Barafu ikiisha mto hautakauka. Msitu ukiisha, hapo ndipo tulie.

Sasa turudi kwenye utabiri. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba vuli itakuwa ya El Niño. Mwezi wa Oktoba Rais Ruto akawaambia wananchi kwamba El Niño iliyotabiriwa haiji tena, ni mvua nyingi tu. Mwezi wa Novemba watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa nchini, na barabara yetu ya Garsen kuja Lamu ikakatika kwa maji pale Gamba. Bidhaa zetu hupita huko mpaka Mokowe, zikavuka kwa mashua hadi Amu, ndipo zitufikie huku. Gamba ikifungwa, mama wa Matondoni huiona bei dukani kabla ya kuisikia redioni.

Sitaki kumlaumu mtu mmoja. Watu walikuwa wameshachoka. Mwaka 2015 walitishwa na El Niño kubwa, na mvua haikuja kama walivyoogopa. Kisha kuanzia 2020 misimu mitano mfululizo ikawa kame. Tatizo ni jinsi tunavyousoma utabiri. Idara ikisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua kuzidi wastani, sisi tunasikia ahadi, na isipotimia tunasema waongo. Mwenye hoteli ya Alps hafanyi hivyo. Yeye huuliza: ikija nitapoteza nini, isipokuja nitapoteza nini?

Wapo pia wanaosema kwamba kutabiri ni kuingilia ghaibu. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini manahodha wetu walisoma nyota, mawingu na rangi ya maji kabla ya kutweka tanga, na hakuna aliyewaita wapiga ramli. Bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha atawakali.

Kinachokosekana ni utabiri kufika kwa lugha yetu na kwa mahitaji yetu. Mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti yupo, na taarifa za msimu hutolewa. Lakini zingapi zinabandikwa kwenye ubao wa msikiti, au kusomwa bandani majahazi yanapochongwa? Mwenye jabia anataka kujua kama alitengeneze paa sasa au asubiri. Mwenye duka anataka kujua kama aongeze unga na mchele.

Utabiri wa vuli hutolewa karibu na mwanzo wa Septemba, wiki chache kabla ya mvua. Wakati huo kusi inakata na bahari inaanza kutulia, jahazi linaweza kwenda Mombasa na kurudi na shehena bila kuitegemea Gamba. Kaunti ikitaka kuweka akiba ya chakula visiwani, wiki hizo ndizo zake, na vyombo vya kubebea vipo hapa Matondoni.