Kabla kamera iwashwe, elewaneni video ni ya nani

Kuna maneno mawili yanayoua kazi nyingi za vijana wa sanaa humu nchini: "Tutapanga baadaye." Husemwa kwa tabasamu, na mara nyingi anayeyasema hana nia mbaya. Wimbo uko tayari, kila mtu amechangamka, na hakuna anayetaka kuonekana mse wa kuharibu raha kwa kuuliza maswali ya pesa. Lakini hiyo baadaye hufika, na ikifika hukuta marafiki hawasalimiani.

Hivi majuzi nilishinda mtaani Ngara, Nairobi, na wanafunzi wa chuo kimoja waliokuwa wakishuti video ya wimbo wao wa kwanza. Wimbo wenyewe ni wa dakika tatu. Kazi ilianza saa kumi na mbili unusu asubuhi, mwanga ukiwa bado laini, ikaisha giza likiwa limeingia. Waimbaji walirudia wimbo ule ule zaidi ya mara kumi, wakifuatisha sauti iliyotoka kwenye spika, ili kamera iwachukue kutoka kila pembe. Kamera ikinasa picha 25 kwa sekunde, dakika tatu ni picha 4,500, na hizo ndizo zitakazobaki baada ya rundo kubwa kutupwa.

Sasa tuhesabu waliozifanya. Waimbaji wawili. Aliyetengeneza midundo chumbani kwake. Mwenye kamera, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwelekezi. Wadensi watano waliofanya mazoezi wiki mbili bila hata nauli. Dada aliyewapamba kwa vipodozi vyake mwenyewe. Jamaa aliyembembeleza msimamizi wa jengo mpaka akawafungulia paa. Atakayehariri. Na mmoja aliyelinda mabegi na kuwatafutia wenzake chapo na madondo. Jumla, watu 13. Pesa zilichangwa kwa M-Pesa, huyu mia mbili, yule mia tano, na nyingi zikamezwa na nganya iliyokodiwa kwa saa moja tu.

Jioni vyombo vikifungashwa, mdensi mmoja aliuliza swali lililokuwa na uzito kuliko yote ya siku hiyo: video hii ikileta kitu, sisi tunapata nini? Kukawa na kimya, kisha kicheko, kisha yale maneno mawili.

Bahati mbaya, sheria haisubiri baadaye. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailazimishi mtu kusajili kazi yake ndipo ilindwe, ingawa kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO, hukupa ushahidi mzozo ukitokea. Mashairi, muziki, rekodi ya sauti na video ni kazi tofauti, kila moja na haki zake. Upande wa video, sheria humhesabu kuwa mtunzi yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza.

Haya, pale Ngara nani alifanya mipango? Mwenye wimbo? Mwenye kamera? Aliyekusanya michango? Kila mmoja ana hoja, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Tena sheria hiyo hiyo inasema hakimiliki haiwezi kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine ila kwa maandishi yaliyotiwa saini. Ahadi ya mdomo, hata kama mmekula sahani moja, haitoshi.

Najua kuna atakayesema, bana, hii ni video ya wanafunzi, itatazamwa na watu mia tatu, nusu yao shangazi zetu. Kweli, nyingi huishia hapo. Lakini mwanzo wa ngoma ni lele. Mwaka 2018 vijana wa Umoja waliojiita Ethic walitoa Lamba Lolo wakiwa hawana jina, na wimbo huo ukafungulia gengetone mlango. Hakuna anayejua mapema wimbo upi utashika.

Na hata pesa zisipokuja, kuna malipo mengine ambayo hayagharimu chochote: kutajwa. Mdensi anayetafuta kazi anahitaji jina lake chini ya ile video, aweze kumwonyesha mtu na kusema, huyu ni mimi. Dada wa vipodozi vilevile. Kuwanyima hilo ni kuwafanyisha kazi ya bure mara mbili.

Dawa yake si wakili wa bei ghali. Ni karatasi moja. Andikeni wimbo ni wa nani na video ni ya nani. Andikeni itawekwa kwenye akaunti ipi na nani ana nywila. Mapato yakija, yagawanywe vipi, na gharama zirudishwe kwanza au la. Nani watatajwa na kwa kazi gani. Nani atahifadhi picha zote, na nakala ya pili itakaa kwa nani, maana kadi moja ikipotea siku nzima imeenda. Na mmoja akijiondoa kundini, itakuwaje. Kila mtu atie saini, karatasi ipigwe picha, iwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Ni kazi ya nusu saa, muda mfupi kuliko ule wa kusubiri nganya iliyokwama kwenye foleni.

Vyuo navyo visijitoe. Ukimfundisha kijana kushika kamera na kuhariri bila kumfundisha kuandika mkataba, umempa nusu ya ufundi. Somo la wiki mbili lingeokoa kazi na urafiki mwingi.

Kwa hivyo kama wikendi hii mna mpango wa kushuti, chajini betri, mfanye mazoezi, mbebe maji. Halafu kabla spika kuwashwa, toeni kalamu. Na mwenzenu akikwepa kuandika wakati huu ambapo hakuna hata shilingi mezani, msingoje zifike ndio mjue kwa nini.