Kampasi ya MUHAS Kigoma: Shahada za afya zitafika mwambao?

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KWA zaidi ya nusu karne, kijana wa Kigoma aliyetaka shahada ya kwanza katika fani za afya alilazimika kwanza kuuaga mkoa wake. Wengi wanaotoka Kalya au Buhingu, vijiji vya mwambao wa kusini katika Wilaya ya Uvinza, huanza safari kwa boti hadi mjini. Kutoka hapo huwasubiri basi, au treni ya Reli ya Kati iliyofika ziwani mwaka 1914, na zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam.

Gharama ya safari hiyo si nauli pekee. Anayeondoka na umri wa miaka 19 au 20 hukaa ugenini miaka mitano akisomea udaktari, au minne akisomea uuguzi au famasia, kisha huongeza mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Anapomaliza, maisha yake yamekwisha kuota mizizi mjini. Amepata marafiki, pengine na mwenzi wa maisha, na amejua mahali nafasi za kazi zinakotafutwa. Zahanati ya kijijini kwao huendelea kumsubiri mtu mwingine.

Ndiyo maana uamuzi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) wa kuichagua Kigoma kuwa mahali pa kampasi yake mpya ni jambo zito kuliko majengo yenyewe. Uamuzi huo umo ndani ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharamiwa kwa mkopo wa Dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2021. Katika mradi huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilielekezwa Lindi na Kagera, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikaelekezwa Njombe.

Swali ambalo wakazi wa Ujiji, Mwandiga na vijiji vya mwambao wana haki ya kuuliza ni hili: je, chuo kikifika Kigoma, wahitimu nao watabaki Kigoma?

Ramani iliyoegemea upande mmoja

Historia inaeleza kwa nini swali hilo ni la haki. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha tiba, mwaka 1991 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 ikawa MUHAS, chuo kikuu kinachojitegemea.

Baadaye vilifuata vyuo vingine: KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam, halafu Dodoma na Mbeya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojengwa magharibi ya Mwanza. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma na kimewasaidia wengi, lakini udaktari na ukunga ni elimu inayotaka wodi, maabara na mgonjwa mbele ya mwanafunzi.

Wakati huo mkoa umekuwa ukikua. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, wanaohudumiwa na halmashauri nane. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulilenga kila kijiji kipate zahanati na kila kata ipate kituo cha afya. Majengo mengi yalijengwa. Watumishi hawakuongezeka kwa kasi hiyohiyo, na kwa miaka mingi takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha upungufu wa takriban nusu ya wanaohitajika nchini.

Nani ataingia darasani?

Hapo ndipo lilipo jambo la msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2010 mapendekezo ya namna ya kuwabakisha watumishi wa afya vijijini. Kujenga vyuo nje ya miji mikuu ni pendekezo mojawapo tu. La kwanza katika orodha ni kuwadahili wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko.

Udahili wa vyuo vikuu nchini hauangalii mtu ametoka wapi. Anayeomba udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita hupimwa kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, mchepuo maarufu kwa jina la PCB. Ushindani ni mkali na nafasi ni chache. Mwanafunzi wa sekondari ya kata isiyo na maabara kamili wala mwalimu wa Fizikia hushindana na yule wa shule iliyojaa vifaa, na karatasi ya matokeo haielezi tofauti hiyo.

Kufutwa kwa ada ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022 kumepunguza mzigo wa wazazi, lakini hakujaleta mwalimu wa Fizikia mahali ambapo hayupo. Bila kuimarisha sayansi katika sekondari za mkoa, kampasi ya Kigoma inaweza kujaa vijana wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, watakaosoma kwa bidii, wahitimu, na kupanda treni ya kurudi makwao.

Upo mlango wa pili ambao hausemwi sana. Kigoma haikuwa jangwa la elimu ya afya. Chuo cha uuguzi mjini Kigoma na kile cha Kabanga wilayani Kasulu vimekuwa vikitoa wauguzi wa ngazi ya cheti na stashahada kwa miaka mingi. Wahitimu wa ngazi hizo ndio wengi katika zahanati za mwambao. Wameshapazoea, wanakijua Kiha, na wengi wamejenga na kuoa au kuolewa hapohapo.

Kwa mujibu wa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mwenye stashahada inayohusika na ufaulu unaotakiwa anaweza kuomba shahada bila kupitia kidato cha sita. Kwa muuguzi mkunga mwenye familia Ilagala, kikwazo kikubwa kimekuwa umbali na miaka minne ya kuwaacha watoto. Kampasi ya jirani inaweza kukiondoa, iwapo itatenga nafasi kwa watumishi walioko kazini na waajiri wao watawapa ruhusa.

Mkoa una mfano wake wenyewe. Kuanzia mwaka 2006, mradi uliofadhiliwa na taasisi ya Bloomberg ya Marekani uliviboresha vituo vya afya kadhaa mkoani Kigoma ili vitoe huduma za dharura za uzazi, ukiwamo upasuaji. Waliofundishwa kuifanya kazi hiyo hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa madaktari wasaidizi, yaani matabibu wazoefu walioongezewa mafunzo, pamoja na wauguzi. Wajawazito waliokuwa wakikimbizwa mjini wakapata huduma karibu na nyumbani.

Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalisitishwa baadaye. Tabibu anayetaka kupanda ngazi leo hana budi kusoma shahada kamili ya udaktari. Kwa hiyo kufungwa kwa mlango ule kunaipa kampasi mpya wajibu wa kufungua mwingine.

Darasa lililoko ziwani

Suala jingine ni mafunzo yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote: asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea, ilhali wastani wa taifa ulikuwa takriban asilimia 7. Mwanafunzi anayefundishwa katika Hospitali ya Mkoa ya Maweni atakutana na ugonjwa huo kila siku.

Lakini Maweni haitoshi. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha mwambao kilicho jirani na mpaka, kisichokuwa na vyoo wala maji safi ya kuwatosha. Kipindupindu kikazuka. Watu wasiopungua 31 walifariki dunia, wakiwamo wenyeji wawili, na meli kongwe ya MV Liemba ikatumika kuwahamishia watu Kigoma kwa awamu.

Kilichohitajika siku zile hakikuwa daktari wa upasuaji. Alihitajika mtu anayejua kutibu maji, kuchimba vyoo mahali panapofaa, kuhesabu wagonjwa na kutoa taarifa mapema. Hiyo ndiyo kazi ya shahada ya afya ya mazingira, inayosomwa kwa miaka mitatu na isiyo na sifa kubwa masikioni mwa wazazi. Kampasi inayotazama ziwa inapaswa kuipa fani hiyo heshima sawa na udaktari, na kuwapeleka wanafunzi wake kwa boti hadi Kagunga na Kalya wangali masomoni.

Ajira na deni

Mwisho kuna suala la mkate. Machi 2017, Tanzania ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Mpango huo ulipokwama kutokana na shauri lililofunguliwa mahakamani nchini Kenya, Rais John Magufuli aliagiza Aprili mwaka huohuo kuwa madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe serikalini. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba nchi yenye upungufu wa madaktari ilikuwa na madaktari wasio na kazi, kwa sababu vibali vya ajira hufuata bajeti.

Wengi wa wahitimu hao husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Kijana mwenye deni hilo, anayepangiwa kituo kisicho na nyumba ya mtumishi wala usafiri wa uhakika, hahitaji kukosa uzalendo ili atafute uhamisho.

WHO imependekeza pia ufadhili wa masomo unaoambatana na mkataba wa kurudi kutumikia kijijini. Halmashauri nane za Kigoma zinaweza kuanza hata na mwanafunzi mmoja mmoja kila mwaka: zimlipie, kisha zimtengee nafasi ya ajira na nyumba kabla hajahitimu.

Kampasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko katika maabara za sekondari za kata, katika ruhusa ya masomo ya muuguzi wa Ilagala, na katika kibali cha ajira kinachotoka kwa wakati. Hayo yakikosekana, Kigoma itakuwa na chuo kizuri, na mjamzito wa Kalya ataendelea kusubiri boti usiku.