BAISKELI HADI PWANI: JUA HALIOGOPI SHUJAA



Mavuno yakishauzwa, kijana wa Kisaki hutamani kwenda kuiona bahari. Wako wanaochagua kwenda kwa baiskeli, tena peke yao. Safari hiyo ina faida zake. Baiskeli haili mafuta, huimarisha moyo na mapafu, na anayekwenda nayo huiona nchi yake kijiji kwa kijiji. Ukurasa huu haumkatazi mtu kusafiri.

Hata hivyo, kwa maoni yetu safari hii isifanywe katika joto la mwisho wa mwaka, na mtu asiende peke yake. Tutaeleza sababu.

Kwanza tuitazame njia. Kutoka Kisaki unapita Bwakira, Duthumi, Mvuha, Matombo, Mkuyuni na Kiroka, ukizunguka Milima ya Uluguru mpaka Morogoro mjini. Hapo umekwisha kwenda zaidi ya kilomita 100. Kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam kwa barabara kuu ni karibu kilomita 200 nyingine. Jumla ni zaidi ya kilomita 300, kwa baiskeli nzito yenye mzigo nyuma.

Wengi hupenda kwenda Desemba ili wale sikukuu pwani. Huo ndio wakati mbaya. Toka Desemba hadi Machi pwani kuna joto kali na hewa yenye unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho humwagika bila kukauka, na mwili haupoi. Mtu anayefanya kazi ngumu juani aweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, hata zaidi. Asipoirudisha kwa kunywa, damu hupungua maji, moyo hupiga mbio, na joto la mwili hupanda.

Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini husafiri katikati ya kiangazi chao, mwezi Juni. Huko jua huchelewa sana kuzama, na mtu aweza kuendesha baiskeli usiku ungali na mwanga. Sisi tuko karibu na Ikweta. Mchana wetu ni wa saa kama 12 mwaka mzima, na giza huingia upesi. Lakini Juni hiyo hiyo kwetu ni kipupwe. Hewa ni kavu na ya baridi kidogo. Basi atakaye kuiona bahari aende Juni au Julai, awahi Saba Saba. Upepo wa kusi utampinga kidogo wakati wa kwenda, lakini utamsukuma wakati wa kurudi.

Sasa tuje kwenye suala la kwenda peke yako. Je, wajua joto hushambulia nini kwanza? Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Likizidi na mwili kufikia nyuzi 40, akili huvurugika. Mgonjwa husema maneno yasiyoeleweka, hukataa maji, na hung'ang'ania kuendelea na safari. Yeye mwenyewe hajui kwamba anaumwa. Mwenzake ndiye atakayemwona na kumwambia, "Ndugu, shuka, tukae kivulini." Aliye peke yake hana wa kumwambia. Hataanguka kwa sababu ni mvivu au mwoga. Ataanguka kwa sababu ugonjwa umemnyang'anya akili ya kujiokoa.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwilini na umpepee. Kisha mkimbize kituo cha afya. Aliyezimia asinyweshwe kitu, maji yatampalia.

Wako watakaosema, "Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu." Ni kweli. Lakini walikwenda kwa misafara ya watu wengi. Waliondoka alfajiri na kupumzika jua likiwa kali. Na bado waliugua. Wazungu Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, Juni 1857. Walipofika Duthumi, hapa hapa kwetu, walikuwa hoi kwa homa, wakalazimika kukaa. Walikuwa na wapagazi na walinzi. Je, wewe uliye peke yako, nani atakupikia uji?

Wengine hukwepa joto kwa kusafiri usiku. Hilo nalo si jibu. Kisaki imepakana na mbuga, ambayo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hutembea usiku na alfajiri. Na barabara kuu ya Morogoro ina malori usiku kucha. Hivyo saa za safari ni chache. Anza saa 1 asubuhi kukiwa kumepambazuka, pumzika toka saa 4 na nusu mpaka saa 10 alasiri, kisha endelea hadi kabla ya saa 12 jioni. Utakwenda kama kilomita 55 kwa siku, na utafika kwa siku 6. Mwenda pole hajikwai.

Kumbuka na haya:

1. Maji. Kunywa yaliyochemshwa, tena kabla ya kuona kiu. Ukitoka jasho jingi au ukiharisha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Usioge wala kuvuka kwa miguu kwenye madimbwi na mito iliyotulia, maana kichocho huingia kupitia ngozi.

2. Mbung'o. Hufuata kitu kinachokwenda, na hupenda rangi nyeusi na buluu. Vaa nguo nzito kidogo zenye rangi ya udongo, za mikono mirefu.

3. Malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo yaweza kukukuta umekwisha rudi nyumbani. Nenda ukapimwe. Kama si malaria, mweleze mganga kwamba ulipita kwenye mbung'o, ili akuchunguze malale.

4. Bahari. Usiruke majini ukiwa umechoka na hujui kuogelea. Bahari si Mto Mgeta. Waulize wavuvi mahali salama.

Kama huna budi kwenda peke yako, weka masharti yako ungali nyumbani, akili ikiwa timamu: saa ya kusimama, mahali pa kulala, na mtu wa kumpigia simu kila jioni. Mwambie, "Nisipopiga, nitafuteni." Andika jina lako na kijiji chako kwenye karatasi, uiweke mfukoni.

Lakini bora zaidi, tafuta mwenzako. Bahari haihami. Ilikuwapo wakati wa babu zetu na itakuwapo Juni ijayo. Tunachotaka ni urudi Kisaki mzima, uje utusimulie.