Hati Haitaji Udongo

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ya Kongo ni miliki ya Dola peke yake, isiyouzika, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia tu. Mwenye kiwanja katika Kisangani, baada ya kwenda na kurudi ofisini mara nyingi, huja nyumbani na hati yenye nambari, vipimo na mihuri, akaifungia sandukuni kwa furaha. Hati hiyo hueleza urefu na upana wa kiwanja. Lakini juu ya kile kilicho chini ya nyayo za mwenyewe haina hata neno moja. Maoni yangu ni kwamba, madhali Dola ndiyo mwenye ardhi, haistahili kumpa mtu sehemu yake kabla ya kumjulisha ni udongo wa namna gani.

Jembe moja latosha kuonyesha maana ya maneno haya. Katika nyanda za juu za mji hukata kwanza tabaka jeusi lisilozidi upana wa kiganja, kisha hukutana na udongo mwekundu wa kimanjano, uliochanganyika na mchanga, ambao huendelea chini mita nyingi pasipo kubadilika. Shuka nalo hatua chache hadi ukingoni mwa kijito: hutoa mchanga wa kijivu, na shimo halijafika kiunoni maji yamekwisha kujaa. Viwanja viwili hivyo hutolewa kwa hati za namna moja, hujengwa kwa msingi wa namna moja, na huchimbiwa choo cha namna moja. Hapo ndipo ilipo taksiri.

Kwa mjenzi udongo mwekundu si adui. Hauvimbi wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua kama ule mweusi wa nyanda za Athi, karibu na Nairobi. Kiushindacho ni maji yatiririkayo. Mvua yetu ya mwaka hukaribia mita moja na robo tatu, na bati lisilo na mfereji likiimwaga yote upande mmoja, maji hula udongo chini ya msingi, ukuta ukainamia upande huo, na ufa ukapanda kutoka pembe ya dirisha hata chini ya kenchi. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwa uhaba wa saruji, ilhali kosa lilianza siku alipoona mfereji ni gharama ya bure.

Jambo la choo ni zito zaidi, kwa kuwa madhara yake humfikia asiyekosa. Mwenye shimo juu ya kilima hujisifu kwamba shimo lake halijai, wala hajiulizi yaliyomo yamekwenda wapi. Yamekwenda chini, na huko hufuata mteremko hata kisimani kwa jirani wa bondeni, ambaye shimo lake mwenyewe hufurika kila mvua inyeshapo. Kanuni ya watu wa afya ni kwamba choo cha shimo kiwe mita 30 mbali na kisima, na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Viwanja vyetu vingi havina hata hizo mita 30 kutoka ua hata ua. Tangi la saruji, lijengwalo badala ya shimo, nalo husaza maji machafu ambayo udongo ndio huachiwa kuyachuja, na udongo uliokwisha kulowa hauwezi kazi hiyo. Machi 2011 kipindupindu kilizuka Kisangani, kikashuka na Mto Kongo hata Kinshasa. Sisemi kwamba vyoo peke yake ndivyo vilivyokileta. Nasema mji unaokunywa pale pale unapomwaga haupaswi kushangaa.

Maji hayo hayo ya ardhini ndiyo yanayonywesha matuta ya lenga-lenga, yaani mchicha, bondeni. Kule juu, aghalabu mjenzi huanza kwa kuparua lile tabaka jeusi na kulitupa, kisha hulalamika kwamba mboga zake ni za manjano. Nguvu ya ardhi ya msitu imo katika majani yaozayo juu yake. Chini ni udongo mchachu usio na kitu. Lile tabaka jeusi angelirundika pembeni, akalirudisha bustanini pamoja na mboji na majivu, angevuna.

Atasema mtu kwamba kuchunguza udongo ni anasa ya matajiri. Hasha. Ni shimo la mita mbili, kazi ya vibarua wawili kwa siku moja, lichimbwe majira ya mvua. Hutiwa maji, hungojewa hata kuta zilowe, hutiwa tena, ikapimwa yamepungua kiasi gani kwa saa moja. Elimu nayo si ya kuagiza ng'ambo: Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka hapa, udongo wa nchi hii ulichunguzwa tangu INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ilipoundwa mwaka 1933, na mji wenyewe una chuo kikuu.

Basi na iongezwe mistari miwili tu katika hati. Kwa wa bondeni: maji yako karibu, choo kiinuliwe juu ya ardhi, kisima kisichimbwe. Kwa wa kilimani: udongo hunywa upesi, na anayekunywa baada yake ni jirani yako.